Somo: Sawazisha skrini kabla ya kugusa picha

Desemba moja nilimkabidhi mama wa bwana harusi albamu ya picha 40. Alifunua kurasa tatu, akaniangalia. "Mwanangu, kwani harusi hii ilikuwa usiku?" Ilikuwa saa saba mchana, kando ya ziwa, jua la Kisumu likiwaka kisawasawa. Nikaenda kwa aliyechapisha nikiwa nimeshapanga maneno makali njiani. Hakubishana nami. Alifungua faili zilezile kwenye kompyuta yake, na nyuso zikatokea zimefifia gizani vilevile kama kwenye albamu. Maneno yangu niliyameza.

Faili ya picha ni namba tu. Kila pikseli ina kiasi chake cha nyekundu, kijani na buluu, kuanzia 0 hadi 255. Skrini haigusi namba hizo, ila wewe unazigusa kwa kufuata unachokiona, na hapo kosa la skrini huingia kwenye picha kinyumenyume. Skrini yangu ilikuwa na mwanga mkali mno, kwa hiyo kila picha niliipunguzia mwanga. Skrini yenye ubuluu nayo hukufanya uongeze manjano, kisha bibi harusi anatoka na uso wa rangi ya chungwa.

1. Anza na chumba. Studio yangu ina dirisha linalotazama magharibi, upande wa ziwa, na kuanzia saa tisa jua linapiga moja kwa moja kwenye meza. Pazia zito lilimaliza tatizo hilo. Ukuta wa kijani kibichi nyuma yako nao unarudisha rangi yake kwenye skrini. Washa kompyuta nusu saa kabla ya kupima ili mwanga wake utulie. Zima hali ya usiku inayotia skrini umanjano, na uzime pia mwangaza unaojipandisha na kujishusha wenyewe.

2. Pima mwangaza kwa kamera yako. Hatua hii ndiyo ingeokoa albamu yangu, na haigharimu hata shilingi. Jaza skrini yote rangi nyeupe tupu. Weka kamera kwenye M (hali ambayo unaweka kila kitu mwenyewe), ISO 100, tundu la lenzi f/5.6. Isogeze hadi weupe ujaze fremu nzima, bila kujali fokasi. Sasa badilisha kasi ya shata (muda ambao kamera inaingiza mwanga) hadi kipimo cha mwanga ndani ya kamera kisimame kwenye sifuri. Kikisimama kwenye 1/30, skrini yako inatoa takriban kandela 120 kwa mita mraba, kiwango ambacho wapiga picha wengi hutumia. Yangu ilisimama kwenye 1/60, yaani mara mbili ya hapo! Kwa hiyo rudisha kasi kwenye 1/30, kisha shusha mwangaza wa skrini taratibu mpaka kipimo kirudi sifuri. Siku ya kwanza utaona kama umeme umepungua nguvu. Vumilia, macho yatazoea.

3. Angalia gama. Gama ni jinsi skrini inavyopanda kutoka weusi hadi weupe, na tunalenga 2.2. Katika programu yako ya kuhariri, tengeneza mraba wa mistari ya mlalo, mmoja mweusi mmoja mweupe, kila mstari pikseli moja. Katikati weka kiraka cha kijivu chenye namba 186 kwa rangi zote tatu. Tazama kwa asilimia 100, rudi nyuma hatua mbili, finya macho. Kiraka kikipotea ndani ya mistari, gama iko karibu na 2.2. Kikionekana cheusi kuliko mistari, gama imezidi, na kikionekana cheupe imepungua. Kwenye Windows andika dccw katika sehemu ya kutafutia, ukurasa wa kurekebisha utafunguka.

Ukiwa hapo, chora pia viraka vya 5, 10, 15 na 20 juu ya weusi kamili. Ikiwa hata 20 huioni, basi suti nyeusi ya bwana harusi kwako ni shimo tu, mikunjo yake huwezi kuihariri.

4. Rangi yenyewe. Hapa macho hayatoshi, kwa sababu huzoea haraka. Ukikaa dakika kumi mbele ya weupe wenye ubuluu, utaapa kuwa ni weupe safi. Kinachohitajika ni kifaa cha kupimia, kile kinachoning'inizwa juu ya kioo. Programu inakionyesha rangi moja baada ya nyingine, nacho kinapima kilichotoka kweli. DisplayCAL ni programu ya bure na inafanya kazi na vifaa vingi vya aina hiyo. Weka malengo haya: weupe 6500 K (kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga), gama 2.2, mwangaza 120. Mwishoni utapata wasifu wa ICC, faili ndogo inayoeleza tabia ya skrini yako kwa programu za picha. Sisi tulichanga watu wanne tukanunua kifaa kimoja, kinazunguka kila mwezi kama pesa za chama.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi niko Kakamega, natumia laptopu ya zamani. Nikiinamisha kioo kidogo tu, picha inabadilika. Nipime ikiwa imekaa vipi?*
Pole ndugu yangu, hiyo ni paneli ya TN, aina ya kioo ambacho rangi zake hubadilika kwa pembe, ndivyo zilivyo. Chagua pembe moja, tia alama kwenye bawaba kwa kipande cha selotepu, na ukae kimo kilekile kila siku. Maamuzi ya mwanga yaachie histogramu, ile grafu ya weusi na weupe wa picha, kwa sababu inasoma namba za faili wala haijali kioo kimekaaje. Ukipata pesa, tafuta skrini ya IPS, ambayo haibadiliki sana kwa pembe.

*Nimesawazisha jana hapa Nakuru. Picha zangu za flamingo zimepauka zote! Nimeharibu nini?*
Hujaharibu kitu. Skrini yako ya awali ilikuwa inakoleza rangi, nawe ukawa unapunguza waridi ili wasionekane kama wamepakwa rangi ya kucha. Upungufu huo ulikuwa kwenye faili tangu zamani. Rudi kwenye RAW, faili ghafi za kamera, anza upya na zile unazotaka kuuza.

*Dada hapa, kutoka Bungoma. Nimefuata hatua zote na bado karatasi haifanani na skrini.*
Dada, haitafanana kabisa, kwani skrini inatoa mwanga na karatasi inaurudisha tu. Picha unaitazama wapi? Chini ya balbu ya manjano sebuleni kila picha itakuwa ya manjano, kwa hiyo itoe nje, kivulini. Pia muombe anayekuchapishia akupe wasifu wa ICC wa printa na karatasi yake, ili uone makisio kwenye programu kabla ya kutuma. Asipokuwa nao, chapisha moja ya inchi 4 kwa 6 kwanza, usubiri hiyo ndipo utume albamu nzima.

*Wateja wangu wote wanatazama kwenye simu, na kila simu ina rangi yake. Kuna faida gani basi?*
Simu moja inakoleza, nyingine inapauza. Ukihariri kwa skrini isiyosawazishwa, kosa lako linaongezwa juu ya kosa la simu. Lakini hakikisha unahifadhi nakala za simu katika sRGB, mpangilio wa rangi wa kawaida wa simu na mtandao. Faili ya Adobe RGB, mpangilio wenye rangi pana zaidi, ikifunguliwa na programu isiyosoma wasifu, rangi hufifia, na kitenge cha shangazi kinaonekana kama kimefuliwa mara mia. Zangu zilitoka hivyo mwaka mzima kabla sijajua.