Foronya za kanga: doti moja unapata nne, na jina linakaa katikati ya mto

Doti moja ya kanga inatoa foronya nne. Nalisema hili mwanzo kabisa maana watu wakiziona foronya zangu wanadhani nimekula kitambaa kingi, hapana, ni kanga mbili tu zile zile, na kati ya hizo nne mbili zinatoka na jina, yaani ule msemo ulioandikwa kwenye kanga, limekaa katikati ya uso wa mto kama liliandikwa kwa ajili ya hapo. Siku hizi ndo zawadi yangu, harusi, mtu kajifungua, mtu kahamia nyumba mpya, au mama tu basi bila sababu.

Tuanze dukani, na hapa sina haraka maana ndo watu wengi wanapoharibu. Ukienda Mtaa wa Uhuru pale Kariakoo (na nyie wa Mombasa mnaosema leso, Mtaa wa Biashara) usichague kwa rangi peke yake. Mwambie muuzaji aikunjue. Soma jina mpaka mwisho, alafu lisome tena ukimfikiria mtu unayempelekea. Mi nilishonea wifi yangu alipoolewa, kanga nzuri ya zambarau, nimeishona kwa mapenzi yote, kumbe imeandikwa MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE. Nililiona jina ndiyo, si nililipimia katikati mwenyewe? Ila nilikuwa nalitazama kama mapambo, sikulisoma kama maneno. Akanipigia simu usiku ananiuliza wifi, huyu kumbe siye ni nani. Nilipoenda kumtembelea nikakuta foronya zimegeuzwa, jina linaangalia godoro.

Kwa hiyo chumba cha wageni mtafutie mtu MGENI NJOO MWENYEJI APONE, mama mpe NANI KAMA MAMA, shoga yako wa siku nyingi AKUFAAYE KWA DHIKI NDIYE RAFIKI. Mafumbo na vijembe baki navyo kiunoni kwako, kitandani kwa mtu usipeleke.

Bado uko dukani, toa futi upime hilo jina lenyewe. Kuna majina marefu yanayokimbia sentimita 70 huko, hilo ukilishona herufi za mwanzo na za mwisho zinazunguka nyuma ya mto, msomaji anabaki na kipande cha methali. Kwa mto wa 65 tafuta jina lisilozidi 55.

Hesabu sasa. Kanga moja ina urefu kama sentimita 150 na upana kama 110, zinapishana kidogo kwa hiyo pima ya kwako usiniamini mimi. Mto wa 45 kwa 65 unahitaji kipande chenye upana wa 48 na urefu wote wa kanga. Vipande viwili vya 48 ni 96, unabakiwa na kitambaa chembamba cha sentimita 14 katikati, usikitupe. Na urefu wa 150 unakwenda hivi: 65 ya uso wa mbele, zinazobaki zinakunjwa nyuma kutoka kulia na kushoto zinapandana, pale zinapopandana ndo mlango wa kuingizia mto. Hamna zipu, hamna vifungo, na mtoto akilala halali juu ya kitu kigumu.

Kabla ya mkasi, fua. Naomba usiruke hapa. Ile kanga mpya bado ngumu ngumu ikifuliwa inarudi, na rangi inachuja, hasa nyekundu na nyeusi. Loweka peke yake kwenye ndoo, mwaga maji, loweka tena mpaka maji yatoke meupe. Wengine wanatia chumvi, sawa, ila mi naona kinachosaidia ni kule kurudia rudia tu. Foronya zangu za kwanza sikufua, zilipofuliwa zikabana, mto ukawa unachungulia nyuma kama shati lililokosa kifungo.

Doti zinauzwa zimeshikana, kwa hiyo kata kwanza kanga na kanga, alafu pinda zile ncha fupi mbili za kila kanga, pindo jembamba tu kama unavyopindisha kanga ya kuvaa. Ukiwa na kanga ambayo fundi alishaipinda zamani, umeshapona, hiyo kazi haipo. Pande ndefu zina ukingo wa kiwandani haufumuki. Na kwenye huo ukingo kuna maandishi madogo ya wenye mali, zile za Mombasa utakuta K.H.E. MALI YA ABDULLA, ukipenda ikae nje ukipenda ifichwe kwenye mshono, mi naiacha ionekane kidogo pembeni maana bibi yangu alikuwa akiikosa hiyo anasema kanga si kanga.

Tandaza kanga sakafuni, uso juu. Uso utaujua kwa jina, upande wa nyuma herufi zinasomeka kinyume na rangi imepauka. Kutoka ukingo wa chini, ule ulio karibu na jina, pima 48 juu, weka alama kwa chaki kila baada ya shubiri moja, unganisha, kata. Hicho ndo kipande chenye jina na pindo la chini. Nenda ukingo wa juu nako pima 48 ukate, hicho ni cha mwenzake asiye na jina. Kama jina liko juu sana na linakaribia kukatwa, usilazimishe, anza kupimia kwenye jina lenyewe, sentimita 24 juu yake na 24 chini yake, utapoteza kapindo kidogo chini lakini jina litakaa katikati, ila hapo cha pili pima kwanza kama kinabaki cha kutosha.

Sasa kukunja. Hapa watu wanachanganyikiwa kwa sababu wamezoea kushona nguo uso kwa uso. Sisi tunashona mara mbili ili nyuzi zote za kukatwa zifungiwe ndani, ovaloki hatuhitaji. Laza kipande kifudifudi, jina linaangalia sakafu. Tafuta katikati ya jina, si katikati ya kitambaa, maana kuna kanga jina limechapwa limeenda pembeni kidogo na ukifuata kitambaa utalia. Kutoka katikati ya jina pima 32 na nusu kulia, 32 na nusu kushoto, hapo ndo mikunjo ya ubavuni. Kunja upande mmoja uje ndani, kunja wa pili uupande wa kwanza. Geuza uone: inatakiwa iwe inafanana na foronya iliyokwisha, jina nje, limenyooka. Kama haifanani umekunja vibaya, fungua tena. Piga pasi mikunjo, bana kwa pini juu na chini.

Shona ule upande mrefu wa juu, alafu wa chini, nusu sentimita tu kutoka ukingoni. Punguza nyuzi zinazoning'inia kwa mkasi, zote, maana ukiacha hata tatu zitachomoza nje kwenye mshono wa pili kama ndevu. Geuza foronya ndani nje kupitia ule mlango wa nyuma, sukuma kona kwa ncha ya kijiti cha mshikaki kwa upole, usitoboe. Piga pasi tena mshono ukae ukingoni kabisa. Shona mara ya pili, safari hii sentimita moja kasoro, ule mshono wa kwanza unamezwa humo ndani. Geuza tena. Imekwisha, ingiza mto.

Pale mlango unapopandana kuna vitambaa vingi vimelundikana pamoja na mapindo, cherehani inagoma hapo, iwe Singer ya urithi au Butterfly. Usikanyage kwa hasira. Acha kanyagio, zungusha gurudumu kwa mkono pole pole mpaka sindano ivuke, alafu rudi nyuma nne tano na mbele tena, maana hapo ndo panapochanika kwanza mtu anapovuta mto. Sindano namba 14 inatosha, na bobini ijaze kabla ya kuanza, hakuna kitu kinaniudhi kama uzi wa chini kuisha katikati ya mshono na mimi nakanyaga tu hewa.

Huna cherehani? Kata na ukunje mwenyewe, bana pini, mpelekee fundi wa barazani mtaani kwenu, mwambie mishono minne ya kunyooka kila foronya, hatakuchaji kama anayeanza na kitambaa kizima. Au shona kwa mkono jioni ukiangalia tamthilia, kila ukipiga mbele sindano irudi nyuma kidogo, inachelewa ila inashika.

Wenye mito mikubwa ya 70 au 75 mtaniuliza tu. Kanga haiwatoshi, mlango utapandana sentimita chache tu, na kwa 75 haupandani kabisa, mto unatoka nje usiku. Mnaweza kutumia kile kitambaa cha sentimita 14 kuunga urefu upande wa ndani ambao hauonekani, nimefanya, inakubali ila ni kazi. Mi nawaambia chukueni kitenge yadi mbili, hiyo ni kama sentimita 183, upana unazidi kanga kidogo, unapata foronya mbili kubwa na mlango wa kutosha. Jina hamna, lakini na wewe umetaka mto mkubwa.

Kama kile kitambaa hukukitumia, kikate virefu viwili, kunja foronya jina likiwa juu, zifunge mbili mbili kwa hicho hicho, mfuko wa zawadi wa nini. Na umwambie unayempa afue ndani nje, aanike kivulini, na mara ya kwanza asichanganye na mashuka meupe hata kama wewe umeapa rangi imeisha.