Boti "imesimama" maana yake nini? Jinsi ya kuzishika maana za Kanuni ya 3 kabla ya mtihani wa mdomo

Mpwa wangu ana mtihani wa mdomo wa unahodha wa boti ndogo. Wiki tatu zilizopita kaja nyumbani na kidaftari kimejaa maana za Kiingereza za kanuni za kuzuia migongano baharini, kakariri zote kama kasuku, nikamuuliza swali moja tu: boti iko katikati ya maji, mashine imezimwa, nanga haijatiwa, hiyo boti iko kwenye hali gani? Akajibu bila kufikiri, "Imesimama, mjomba." Nikamwambia funga daftari, tunaanza upya. Hapa naandika tulivyokwenda, maana nimeona vijana wengi wanaangukia palepale, na mimi mwenyewe niliangukia hapo nikiwa na miaka kumi na mbili kazini, sio darasani.

Hatua ya 1: Tafuta maandishi yenyewe, na visoda

Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini ni za mwaka 1972, zikaanza kutumika tarehe 15 Julai 1977, zinasimamiwa na IMO, yaani Shirika la Kimataifa la Bahari. Maana za maneno ziko Kanuni ya 3. Printi ukurasa ule, ni mmoja na ushei tu. Mambo ya apu za maswali ya taa kwenye simu mimi siyapendi kabisa, kijana anapata mia kwa mia kwa sababu anakumbuka picha, ukimtoa nje usiku akaona taa kweli anababaika. Sisi tulichukua visoda, tukavipaka rangi ya kucha ya mama watoto (nyekundu, kijani, vingine tukaviacha vyeupe kwa ndani), tukavipanga kwenye mkeka. Kisoda kimoja ni taa moja ya chombo usiku. Shilingi sifuri.

Hatua ya 2: Chombo

Kila kitu kinachobeba watu au mizigo juu ya maji. Ngalawa, jahazi, meli ya makontena, hata ndege ya majini ikiwa imetua. Usiseme "sisi ni ngalawa tu kanuni hazituhusu", zinakuhusu. Twende.

Hatua ya 3: Mashine au tanga

Chombo cha mashine ni chombo chochote kinachosukumwa na mashine. Chombo cha tanga ni kile kinachokwenda kwa tanga, na kama kina mashine basi mashine haisukumi. Hapo kwenye "haisukumi" ndipo penye mtego. Jahazi limetweka tanga lote, upepo wa kusi unavuma vizuri, lakini nahodha kawasha na mashine nyuma ili awahi gati kabla maji hayajakupwa. Kwa macho ya kila mtu pwani lile ni jahazi linakwenda kwa tanga. Kwa kanuni lile ni chombo cha mashine, halina haki ya kupishwa kama chombo cha tanga, na mchana linatakiwa litundike koni mbele, ncha ikiangalia chini, ili wenzio wajue. Sijawahi kuona jahazi letu limetundika hiyo koni, lakini mtihani hauulizi nimeona nini.

Kinyume chake, mashine ipo lakini imezimwa na tanga ndilo linalosukuma, hicho ni chombo cha tanga. Swali ni nini kinachokusukuma sasa hivi, usiangalie fundi kafunga nini nyuma.

Hatua ya 4: "Imesimama" (soma hii mara mbili)

Hapa ndipo Kiswahili chetu kinapotuangusha. Sisi tunasema boti imesimama ikiwa imetia nanga, imesimama ikiwa imefungwa gatini, imesimama ikiwa imezima mashine inaelea tu. Neno moja kwa hali tatu. Kanuni inasema chombo kiko safarini (mimi nasema "kiko huru", inaingia kichwani haraka) kama hakijatia nanga, hakijafungwa pwani na hakijakwama chini. Basi. Haijaulizwa kama mashine imewashwa, wala spidi ni ngapi. Unaelea, mashine kimya, watu wamelala, wewe uko huru, uko safarini.

Kuna hali ndani ya hali: kiko huru na kinakwenda, au kiko huru na hakiendi. Zote mbili ni safarini. Mpwa wangu alikuwa anadhani hiyo ya pili ni sawa na nanga.

Sasa niwape kisa changu. Nilikuwa na boti ya mita 11, natoka Tanga kwenda Mkoani Pemba, usiku. Tumekwenda haraka kuliko nilivyotaka, nikaona nitafika kabla hakujacha na mimi kuingia kwenye miamba gizani sitaki. Nikazima mashine katikati ya mkondo tusubiri alfajiri. Nikasema tumesimama, kwa hiyo nikazima taa za pembeni, ile nyekundu na ya kijani, nikabakisha nyeupe ya juu inayoonekana pande zote. Nikamimina chai.

Angalieni nilichofanya. Boti ya mashine chini ya mita 12 inaruhusiwa kuwa na taa moja nyeupe ya pande zote pamoja na za pembeni. Ukizima za pembeni, inayobaki ni taa nyeupe moja ya pande zote, na hiyo ndiyo taa ya chombo kilichotia nanga! Yaani nilikuwa nawaambia wenzangu nimetia nanga katikati ya mkondo wa Pemba, mahali ambapo chini ni mamia ya mita. Kamba yangu ya nanga haifiki hata robo.

Omo yetu, yaani mbele ya boti, ilikuwa inaangalia mashariki. Kutoka kusini ikaja meli, nikaiona kulia kwangu, taa mbili nyeupe na nyekundu ya pembeni. Nikaendelea na chai, moyoni nasema yeye anakwenda, mimi nimesimama, atanikwepa. Kila nikiinua macho ile nyekundu iko palepale juu ya nguzo ya turubai, haisogei kushoto wala kulia, inakua tu. Anayejua kazi anajua maana yake, uelekeo usiobadilika ni kugongana. Halafu ikapiga honi fupi fupi haraka haraka, tano au sita, yaani "sielewi unafanya nini". Niliwasha mashine mikono inatetemeka, nikarudi nyuma, ikapita mbele yetu wimbi lake likamwaga sufuria.

Nilikaa miezi namlaumu yule nahodha. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa na kosa, tena mawili. La taa nimeshasema. La pili ni hili: chombo cha mashine kilicho huru, hata kama hakiendi, bado ni chombo cha mashine kilicho safarini, na kama mwenzako anakatiza kutoka kulia kwako, wewe ndiye wa kupisha. Kuzima mashine hakukufanyi mwamba. Mashine yangu ilikuwa nzima, funguo mfukoni, nilikuwa na uwezo wote wa kuondoka na sikuondoka.

Na alfajiri nilipoangalia GPS tulikuwa tumesogea kaskazini zaidi ya maili mbili, mkondo unatubeba. Eti tumesimama.

Mambo ya kuangalia hapahapa, maana mtahini atachimba:

- Chombo cha kawaida cha mashine kikiwa huru bila kwenda, taa zake zote zinabaki, usizime hata moja. Wanaozima za pembeni na ya nyuma wakiwa hawaendi ni mvuvi aliye kazini na wale wawili wa kwanza ntakaowataja Hatua ya 6. Mimi naamini kuchanganyikiwa kwangu kulitoka hapa, niliwahi kufanya kazi kwenye boti ya uvuvi na nikabeba tabia ile ile.
- Kwenye ukungu au mvua kubwa, chombo cha mashine kinachokwenda kinapiga honi moja ndefu, kisichokwenda kinapiga mbili ndefu, kisizidishe dakika mbili kabla ya kurudia. Honi ndefu ni sekunde 4 hadi 6. Ona basi, kanuni yenyewe imewapa sauti tofauti hawa wawili, lakini wote wako safarini.
- Umefunga kwenye boya lenye nanga yake chini? Hesabu kama umetia nanga.
- Nanga iko chini lakini inaburura, haijakushika? Usijidanganye, uko huru, fanya mambo ya chombo kilicho huru.
- Umepanda fungu maji yakakupwa, hapo umekwama, hauko safarini. Maji yakijaa ukaelea, umeshakuwa safarini hata kabla hujashika usukani.

Hatua hii ilitula siku mbili na visoda vyote.

Hatua ya 5: Mvuvi

Sio kila aliyebeba nyavu. Ni yule anayevua sasa hivi kwa nyavu, mishipi au zana nyingine *zinazompunguzia uwezo wa kugeuka*. Jarife limeshashuka majini na limefungwa kwenye chombo, huyo mvuvi. Nyavu zimekunjwa na anakimbilia sokoni na samaki wake, huyo ni chombo cha mashine kama mimi. Na mwenye mshipi wa kuburuta nyuma boti ikiwa inakwenda, wale wa kutafuta jodari na watalii, sio mvuvi kwa kanuni, hata akipata samaki mia.

Taa: kijani juu ya nyeupe ni anayekokota nyavu za kuburuta, nyekundu juu ya nyeupe ni wavuvi wengine. Mchana koni mbili zimebusiana ncha. Nyavu zikienda zaidi ya mita 150 kutoka chomboni, mvuvi asiyekokota anaongeza koni moja ncha juu upande wa nyavu. Usiichanganye na ile ya jahazi lenye mashine, ile ncha chini.

Hatua ya 6: Wasioweza, wanaobanwa na kazi, wanaobanwa na kina

Hawa watatu wote hawawezi kupisha vizuri, tofauti ni *sababu*.

Asiyeweza kujiongoza: limempata jambo lisilo la kawaida. Usukani umekatika, mashine imekufa. Nyekundu mbili wima, mchana mipira miwili. Rudi kwenye kisa changu: je ningeweza kuwasha nyekundu mbili nikanywa chai yangu kwa raha? Hapana! Kuzima mashine kwa kupenda sio jambo lisilo la kawaida. Ningekuwa nimefungua filta ya mafuta na mashine haiwaki, hapo sawa. Kuna manahodha wanawasha nyekundu mbili wakitaka kulala tu, ni uongo huo.

Anayebanwa na kazi: anatandaza waya chini ya bahari, anachimba mlango wa bandari, ana wazamiaji chini, anahamisha mzigo kutoka meli hadi meli zikiwa njiani, au anavuta tishari kubwa kiasi kwamba hawezi kubadili njia. Nyekundu, nyeupe, nyekundu. Kumbuka kuvuta peke yake hakutoshi, lazima kuvuta kwenyewe kumbane sana.

Anayebanwa na kina: meli ya mashine *tu*, ambayo kwa jinsi ilivyozama na kina kilivyo haiwezi kutoka nje ya njia yake. Nyekundu tatu, mchana silinda. Fikiria meli iliyojaa inaingia mlango wa bandari ya Dar, kulia kina kidogo kushoto kina kidogo. Huyu humpishi kama unavyompisha asiyeweza, unatakiwa usimzuie kupita salama. Mtahini anapenda hiyo tofauti.

Hatua ya 7: Kuonana na kutoonana

Kuonana ni kwa macho. Kama unamuona kwenye rada tu, hamjaonana. Mwonekano hafifu ni ukungu, mvua kubwa, dhoruba ya mchanga, theluji inayoanguka na mfano wake. Mvua za masika zile za kufunika omo yako mwenyewe zimo. Sasa kwa nini inatafutiwa maana? Kwa sababu zile sheria zote za nani anampisha nani, tanga na mashine, kulia na kushoto, zinafanya kazi mkiwa mnaonana. Msipoonana kwenye mwonekano hafifu mnahamia Kanuni ya 19 na pale hakuna mwenye haki ya kupishwa, kila mtu apunguze mwendo ufae hali ilivyo na ajihadhari.

Hatua ya 8: Urefu na upana

Urefu wote mwanzo hadi mwisho, upana pale penye upana mkubwa kabisa. Unauhitaji kwa sababu taa zinabadilika kwenye mita 7, 12, 20 na 50.

Hatua ya 9: Jipime

Usijiulize maana, jiulize hali. Mimi nampangia mpwa visoda mkekani taa zikiwa zimezimwa sebuleni, nammulika na tochi sekunde mbili, naifunika, aniambie ni nani, yuko huru au hayuko, anakwenda au haendi, na nani anampisha nani. Akisema neno "imesimama" anaanza upya kutoka kisoda cha kwanza. Jana usiku nikampangia kisoda kimoja cheupe peke yake. Akakiangalia, akaniangalia, akasema, "Huyu katia nanga, au ni taa ya nyuma ya mtu anayeondoka, au ni wewe mjomba unakunywa chai."