Somo: Vita vya boti za Tanganyika juu ya meza ya kulia

Wengi wanaoniuliza namna ya kuanza mchezo wa vita vya kihistoria wanataka kuanza na Waterloo, vita vya mwisho vya Napoleon. Wameona picha za meza za Ulaya zenye askari mia tano wa kuchezea wa milimita 28, kila mmoja na vifungo vyake vya dhahabu, nao wanauliza: hao wanauzwa duka gani hapa Lubumbashi? Usiwatafute. Hata ukiletewa na ndugu aliye Ubelgiji, rafiki zako watatu wanaokuja Jumapili baada ya misa hawatakuwa na subira ya kusogeza mia tano. Anza na boti tatu, na vita vilivyopita mlangoni kwetu.

Mwaka 1915 Waingereza walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, ili kuwanyang'anya Wajerumani Ziwa Tanganyika. Zilifika Cape Town kwa meli, zikapandishwa treni mpaka Elisabethville, yaani mji huu huu, kisha Fungurume ambako reli iliishia. Kutoka hapo zilivutwa kuvuka milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke, ng'ombe na mikono ya watu, mpaka Sankisia. Treni tena hadi Bukama, mto Lualaba hadi Kabalo, treni ya mwisho hadi ziwani, Kalemie ya leo. Ukipita karibu na stesheni ya zamani, jua kwamba jeshi la majini limewahi kupita hapo likiwa juu ya behewa.

Nimevichagua vita hivi kwa sababu moja ya mchezo: karibu mizinga yote inatazama mbele. Mchezaji halazimiki kukumbuka kurasa arobaini za kanuni. Anajiuliza swali moja tu kila zamu: pua yangu iangalie wapi?

Hatua ya 1: ziwa

Meza ya kulia na kitambaa cha buluu au kijivu. Usichore mawimbi, yanachanganya macho wakati wa kupima. Upande mmoja weka ukanda wa karto iliyochanwa kwa mkono iwe pwani. Basi.

Hatua ya 2: boti

Kipimo chetu ni 1 kwa 300. Mimi na Toutou zilikuwa na urefu wa mita 12 hivi, kwa hiyo mezani ni sentimita 4. Upande wa Wajerumani, Kingani ifanye 5 na nusu, Hedwig von Wissmann 7. Meli yao kubwa, Graf von Götzen, yenye mita zaidi ya 70, inafika sentimita 24. Ikate hata kama hutaicheza leo. Wageni wakiiona imelala karibu na Mimi wanaelewa vita vyote bila maelezo.

Mwili wa boti unatoka kwenye sandali ya raba iliyokatika kamba. Chora umbo kwa kalamu, kisha kata kwa wembe mpya, kuanzia nyuma kwenda kwenye ncha, bila kusita katikati. Wembe uliokwisha makali unararua raba na kuacha meno meno, na hayo hayafichwi na rangi yoyote. Tumbo la chini liwe bapa, boti isitikisike mezani.

Raba inakunywa rangi. Kwa hiyo tanguliza kole (gundi) nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, na uiache mpaka weupe wake uishe kabisa. Ndipo upake kijivu. Kikikauka, chukua rangi nyeusi kidogo sana kwenye maji mengi, uipitishe juu ya boti nzima na kufuta hapo hapo kwa kitambaa. Weusi unabaki kwenye mikunjo, na kipande cha sandali kinaanza kuonekana kama chuma. Hii ndiyo kazi inayonipendeza kuliko zote, na ndiyo ambayo watu wanairuka.

Mizinga: waya wa shaba. Katika mji wetu huwezi kuniambia umekosa waya wa shaba (wa kwako, si wa nguzo ya jirani). Vua ganda, kata milimita 6, choma ndani ya raba kwa tone la kole ya fundi viatu. Sitaha na chumba cha nahodha ni karto mbili tatu zilizobandikwa. Bendera ni karatasi iliyokunjwa kwenye pini.

Andaa pia vipande vya pamba vilivyopakwa vumbi la makala (mkaa). Boti ikipigwa, unaiwekea moshi mgongoni, na kila mtu anaona hali yake bila kuuliza.

Hatua ya 3: pembe ya mzinga

Kata pembetatu ya karto yenye pembe ya nyuzi 45. Weka ncha yake kwenye mzinga, katikati ikifuata mstari wa boti. Adui aliye ndani ya pembetatu anapigika. Aliye nje hapigiki, hata akiwa karibu kiasi cha kutemewa mate. Ugomvi mwingi wa mezani unazaliwa na jicho la mtu mmoja. Pembetatu haina rafiki.

Hatua ya 4: maagizo ya siri

Kila mchezaji anaandika kwenye karatasi, bila kuonyesha, boti yake inakwenda sentimita ngapi na inageukia wapi. Wote wanafunua pamoja, wote wanasogeza. Mwendo wa juu kwa zamu: Mimi na Toutou 14, Hedwig 9, Fifi (Kingani baada ya kutekwa, utaiona hatua ya 6) 8, Kingani 7. Kugeuka ni nyuzi 45 mara moja, baada ya kwenda angalau sentimita 3 moja kwa moja. Mimi na Toutou wanageuka mara mbili.

Usiruhusu watu kusogeza kwa zamu, mmoja baada ya mwingine. Anayesogea wa pili anajua kila kitu, na hakuna nahodha aliyewahi kupewa zawadi hiyo.

Hatua ya 5: kupiga

Dadu moja kwa mzinga mmoja. Mpaka sentimita 10 unapiga kwa 4 au zaidi; mpaka 25 kwa 5 au 6; mpaka 40 kwa 6 tu. Boti iliyokwenda zaidi ya nusu ya mwendo wake inapunguza 1 kwenye dadu. Fanya hesabu utaona: ukikimbia, mbali hupigi kabisa. Mimi na Toutou wanazama kwa mapigo 2, Kingani na Fifi 3, Hedwig 4.

Hatua ya 6: vita vyenyewe

Cha kwanza ni tarehe 26 Desemba 1915. Kingani inakuja kuchungulia pwani ya Kalemie, haijui kuna nini. Mimi na Toutou wanaanza nyuma yake, sentimita 30. Kingani ina mzinga mmoja, mbele tu. Ili ijitetee lazima igeuke, na ikigeuka inajiweka ubavu kwa adui mwenye mwendo mara mbili yake. Kila inapopigwa, tupa dadu ya ziada: ikitoka 6, nahodha amekufa na zamu inayofuata boti inakwenda moja kwa moja bila maagizo. Nahodha wake halisi aliuawa siku ile, na pigano lilikwisha kwa dakika kumi na kitu. Mezani ni nusu saa.

Waingereza waliiteka Kingani, wakaitengeneza na kuiita Fifi. Basi nawe usikate boti nyingine: badili bendera, ng'oa waya wa mbele, weka mnene zaidi.

Cha pili, tarehe 9 Februari 1916, ndicho kitamu. Hedwig inakimbia, Fifi na Mimi wanaifukuza, Toutou haipo. Hedwig ianze sentimita 25 mbele ya Fifi. Ikitoka upande wa pili wa meza imeshinda. Sasa sikiliza kanuni mbili. Mzinga mpya wa Fifi unafika sentimita 60, lakini mshindo wake ulikuwa unaisimamisha boti. Kwa hiyo Fifi ikipiga, zamu inayofuata inakwenda nusu ya mwendo. Hedwig nayo ina mzinga mdogo nyuma unaofika sentimita 15 tu, na wa mbele unaofika 40. Mimi inaweza kupita Fifi na kuisumbua Hedwig kutoka mahali ambapo mzinga wa nyuma haufiki. Ikitaka kujibu kwa mzinga wa maana, Hedwig lazima igeuke, na ikigeuka imepoteza mbio. Ndivyo ilivyotokea kweli, na Hedwig ilizama. Mezani mara nyingi inaponyoka, kwa sababu mwenye Fifi hawezi kujizuia kupiga kila zamu.

Maswali ya wanachama

*Fundi wa Ruashi:* Yaya, karto yangu ya sitaha inajikunja nikiipaka rangi. Masika haya hakuna kinachokauka. Niiweke karibu na mbabula (jiko la makala)?

Paka pande mbili, hata ule usioonekana, kisha ilaze chini ya kitabu kizito usiku kucha. Upande mmoja ukilowa peke yake lazima ujikunje. Mbabula ni sawa kwa rangi ya maji na kole nyeupe, kwa umbali wa mkono mmoja. Kole ya fundi viatu usiisogeze huko kabisa. Mvuke wake unashika moto kabla kopo halijaguswa, na uitumie dirisha likiwa wazi.

*Mama wa Katuba:* Wanangu wanaomba kucheza. Lakini dadu, si ni kamari? Mchungaji wetu ni mkali.

Mama, kamari ni franga zilizowekwa mezani. Hapa hakuna anayeondoka na cha mwenzake. Kama dadu zenyewe zinaleta maneno nyumbani, andika namba 1 hadi 6 kwenye vikaratasi, utie kwenye kofia, mtoto avute kimoja na kukirudisha. Matokeo ni yale yale. Wembe uushike wewe.

*Mwana Kamalondo:* Götzen tunaichezaje? Nimeikata, sentimita 24, nimetumia sandali nzima!

Hongera, lakini utasikitika. Götzen haikupigana na boti hizi. Ilionekana siku iliyofuata baada ya Hedwig kuzama, ikimtafuta mwenzake, na kamanda Mwingereza, Spicer-Simson, akakataza watu wake kuisogelea. Mimi naitumia kama hofu: kuanzia zamu ya sita ya kufukuzana, tupa dadu, ikitoka 6 Götzen inaingia mezani na wote wenye bendera ya Uingereza wanakimbia. Kuna pia mchezo wa Kigoma, Juni 1916, ndege za Wabelgiji zikiishambulia bandarini. Wakati huo mzinga wake mkubwa ulikuwa umeondolewa na kuwekwa wa mbao. Mwezi uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe, mashine zikiwa zimepakwa grisi ili ije kuibuliwa. Iliibuliwa mwaka 1924 na kuitwa Liemba. Watu wa Kalemie na Kigoma wanaijua vizuri.

*Mwalimu wa historia:* Naona majina ya boti na ya makamanda. Waliozivuta boti milimani wako wapi kwenye mchezo wako?

Mwalimu, umegusa penyewe. Boti hazikufika kwa uhodari wa Spicer-Simson. Zilifika kwa wanaume wa vijiji vya Katanga waliokata miti, wakajenga madaraja zaidi ya mia na kuvuta kamba kwenye miteremko. Wengi hawakuulizwa kama wanataka. Mimi nacheza safari kabla ya vita: karatasi yenye vituo kutoka Fungurume hadi Sankisia, na kila kituo mchezaji anachagua kati ya kuharakisha na kupumzisha watu. Akiharakisha anapata siku, lakini dadu ikitoka 1 au 2 anapoteza kikosi cha wavutaji. Asiyewalinda anafika ziwani na boti moja. Wachezaji wanaochoka na sehemu hii ndio wanaohitaji kuicheza kwanza.

*Kijana wa Likasi:* Kwa nini tusicheze vita vya kwetu? Jadotville, yaani Likasi yetu, 1961, askari Waairishi wa Umoja wa Mataifa wamezungukwa. Ramani tunayo, tunakaa juu yake.

Ramani iko, na kwa upande wa mchezo ingekuwa nzuri: kikosi kidogo, maji yanakwisha, risasi zinakwisha. Lakini kwangu hapana. Wazee walioishi siku zile bado wako, na waliozunguka kambi ile walikuwa vijana wa familia tunazoketi nazo kwenye matanga. Kolwezi 1978 vilevile. Vita ambavyo mtu aliyeketi sebuleni anaweza kumtaja marehemu wake kwa jina, havipandi mezani kwangu. Na ukiwa Goma au Bukavu, orodha hiyo ni ndefu kuliko yangu.

*Kijana wa Likasi:* Sikubali, Yaya. Watoto wetu watamjua Napoleon kuliko mji wao.

Wafundishe, wapeleke wakaone mahali penyewe, waketi na wazee. Hayo nayaunga mkono kwa mikono miwili. Nilichokataa ni dadu.

*Papa Kampemba:* Umeme ukikatika katikati ya mchezo?

Taa ya kuchaji juu ya kabati, si mezani. Ikiwa mezani vivuli vinaharibu kupima. Na maagizo yaliyoandikwa yanabaki yamefunikwa mpaka taa iwake, msidanganyane.

*Mwana Kamalondo:* Baada ya boti, nchi kavu tuanze na nini?

Njia ya kwenda Tabora, 1916. Majeshi ya Force Publique, jeshi la koloni la Kongo ya Wabelgiji, chini ya Jenerali Tombeur yaliingia Tabora tarehe 19 Septemba, Wajerumani wakiwa wamejitoa. Usichukue kampeni nzima, chukua pigano moja la kilima na kijiji. Askari wa karatasi wa milimita 15, wanane kwa kila kibao cha karto, vibao sita kila upande, na bunduki ya rashasha ya Maxim moja moja. Chora askari mmoja vizuri, kamtolee fotokopi, kunja katikati ili awe na mbele na nyuma. Rangi ya penseli inatosha. Vilima ni karto za mayai zilizofunikwa kitambaa cha khaki. Na safari hii hakikisha kila kikosi kina kibao cha wapagazi nyuma yake, kwa sababu kikosi kisicho na wapagazi hakipigi zaidi ya zamu tatu.