Namna ya kukopa kwa simu bila kukabidhi majina ya watu wako

Mtu anayekopa shilingi 30,000 kupitia programu ya simu hudhani kwamba alichoweka rehani ni ahadi yake ya kulipa. Kwa wakopeshaji wengi wa mtandaoni, rehani yenyewe imekuwa ni majina yaliyomo katika simu yake: mama mkwe, mwajiri, fundi cherehani, imamu wa mtaa, wote hao wakingojea kupigiwa simu au kuingizwa katika kundi la WhatsApp siku ya marejesho ikipita. Faragha inayopotea hapo ni ya watu ambao hawakukopa wala hawakuulizwa.

Kabla ya kupakua programu yoyote, hakikisha kwamba kampuni iliyo nyuma yake ina leseni. Mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila idhini, na baadhi ya majina yake yalivutia kuliko ya benki. Tafuta jina la kampuni, si la programu pekee, kwa kuwa kampuni moja huweza kuendesha programu kadhaa.

Hatua inayohitaji uangalifu zaidi ni ya ruhusa. Tangu tarehe 31 Mei 2023, Google imezikataza programu za mikopo binafsi zilizomo katika duka lake la programu, Play Store, kusoma majina ya simu na picha za mteja. Kwa hiyo, mkopeshaji anayekutumia kiungo ili upakue programu yake nje ya duka hilo huenda anakwepa katazo hilo hasa, na kiungo cha namna hiyo ni bora kukiacha. Simu ikikuuliza kama programu iruhusiwe kufikia “Anwani” (ndivyo simu zilizowekwa Kiswahili zinavyoyaita majina ya simu, ingawa wengi hudhani inaulizwa anwani ya nyumbani), chagua “Usiruhusu”. Fanya vivyo hivyo kwa ujumbe mfupi, kwani humo mna kumbukumbu za miamala yako yote, mshahara na ada za shule zikiwemo. Programu ikigoma kuendelea bila ruhusa hizo, imekwisha kukueleza namna inavyodai madeni. Ukitakiwa kutaja wadhamini wawili, waombe ridhaa yao kwanza. Ni adabu ya kawaida ambayo simu imetusahaulisha.

Ikiwa ulikwisha kuruhusu, usikimbilie kuifuta programu. Kuifuta hakurudishi majina yaliyokwisha kunakiliwa, na masharti ya mkopo pamoja na kumbukumbu za malipo mara nyingi yamo humohumo. Piga kwanza picha za skrini za kurasa hizo, kisha ingia katika Mipangilio, fungua Programu, uondoe ruhusa moja baada ya nyingine. Baada ya hapo iandikie kampuni ukiitaka ifute taarifa zisizohusu mkopo wako, na utunze nakala ya barua hiyo. Deni lenyewe linabaki palepale. Lilipe kwa njia inayoacha risiti.

Vitisho vikianza, usifute ujumbe hata mmoja, hata kama unakuaibisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo mahususi na halali, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ambatisha picha za skrini, tarehe, na namba zilizopiga.

Aliyepigiwa simu kwa deni la mwenzake naye anaweza kulalamika kwa jina lake mwenyewe, kwa kuwa namba iliyochukuliwa ni yake. Akipigiwa, asithibitishe mahali mdaiwa anapoishi wala anapofanya kazi. Aulize jina la kampuni na mahali ilipoipata namba yake, aandike majibu, akate simu.