Kurudisha ujasiri wa kukata kona na pikipiki

Mtu aliyewahi kuanguka kwenye kona, au aliyeifungia pikipiki ndani miezi sita kisha akaitoa, hutambulika kwa mikono. Viwiko vimenyooka kama fimbo, vidole vimeubana usukani, mabega yamepanda. Anapunguza mwendo mpaka kilomita 20 kwa saa, na bado pikipiki inamtoka kuelekea upande wa wanaokuja. Kijiweni anaambiwa dawa ni kuingia kwa kasi ili woga uishe. Dawa hiyo huvunja watu mifupa.

Pikipiki ikilala, gurudumu la mbele hujigeuza lenyewe kidogo kuifuata kona. Mikono iliyokakamaa inalizuia, na pikipiki inatoka kwenye njia yake. Dereva anaona ukingo unamjia, anakaza zaidi, anafunga mafuta ghafla, anashika breki ya mbele. Tairi moja jembamba linaombwa kugeuza na kusimamisha kwa wakati mmoja, na linashindwa. Kwa hiyo kazi yote ya kurudi kwenye kona ni kuipunguzia mikono kazi: mwendo umalizwe kabla, mwili ushikwe na magoti, macho yatangulie, mikono ibaki na jambo moja tu la kufanya.

Anza na pikipiki yenyewe

Wakati mwingine mwili unaigomea kona na una haki. Pitisha kiganja juu ya tairi la nyuma kutoka ubavu hadi ubavu. Kama katikati pamekuwa bapa na pembeni pana ukingo unaoushika kwa kidole, tairi hilo litakataa kulala, kisha litalala ghafla. Dar hilo ni jambo la kawaida, maana Barabara za Morogoro, Nyerere na Mandela zimenyooka na hula katikati ya tairi tu. Tairi la namna hiyo badilisha hata kama kashata (meno ya tairi) za pembeni bado ni ndefu. Soma pia namba nne zilizochongwa ubavuni: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likiwa na miaka zaidi ya mitano au sita na mpira umeanza kupasuka nyufa ndogo, usilifanyie mazoezi ya kona. Tairi jipya nalo lina utelezi juu yake, kwa hiyo kilomita 100 za kwanza kata kona taratibu.

Upepo upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi. Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 hutaka psi 25 hivi mbele na psi 28 nyuma ukiwa peke yako, na psi 32 au zaidi nyuma ukiwa na abiria. Namba kamili iko kwenye kitabu cha pikipiki yako au kwenye kibandiko chake. Nunua geji yako mwenyewe. Tairi lililojazwa kwa kukisia mpaka likawa gumu kama jiwe hugusa lami sehemu ndogo, nawe utausikia utelezi huo bila kujua umetoka wapi.

Kisha isimamishe pikipiki kwa stendi kubwa, mwenzako akalie nyuma ili gurudumu la mbele linyanyuke. Zungusha usukani polepole kulia na kushoto. Ukisikia unanasa kidogo katikati, beringi za usukani zimekula, na hakuna zoezi litakalotibu pikipiki inayoyumba kwa sababu hiyo. Vuta shokapu za mbele kwako: zikicheza kwenda mbele na nyuma, beringi zimelegea. Cheni icheze kati ya milimita 20 na 30 katikati ya chini yake. Ikilegea sana, kila ukigusa mafuta katikati ya kona itashtuka na kukutia hofu upya. Angalia pia gadi za pembeni. Zile pana zilizochomelewa gereji zinaweza kugusa lami kabla tairi halijafika mwisho wa uwezo wake, na chuma kikigusa, gurudumu hunyanyuka.

Kinachofanyika kabla ya kona, na kinachofanyika ndani yake

Mwendo ndio jambo zito kuliko yote, tuanze nao. Chukua kona yenye nusu kipenyo cha mita 30. Kwa kilomita 30 kwa saa pikipiki inahitaji kulala nyuzi 13 hivi. Kwa 40, nyuzi 23. Kwa 50, ambazo ndizo sheria inaruhusu kwenye maeneo ya makazi, nyuzi 33, na hapo vikanyagio vya pikipiki nyingi ndogo vimekaribia kugusa lami. Kilomita kumi zinazoonekana si kitu kwenye spidomita huongeza nyuzi kumi za kulala. Ndiyo maana dereva anaweza kupita kona ileile mara mia bila tabu, halafu siku moja akachelewa kidogo kupunguza na akaona kama barabara imebadilika.

Breki zote zimalizike pikipiki ikiwa imesimama wima. Shika ya mbele kwa vidole viwili, anza taratibu kisha ongeza, na ya nyuma uiguse tu. Breki ya nyuma ya dramu hufunga gurudumu upesi pikipiki ikiwa haina mzigo. Shusha gia, achia klachi mpaka mwisho, ndipo ugeuke. Wengi wetu tulijifunza kushuka mlima na kuingia kona fri (bila gia), au klachi ikiwa imeshikwa, ili kubana mafuta. Acha tabia hiyo. Pikipiki isiyovutwa wala kuzuiwa na injini haitulii, na ukihitaji nguvu ya kuisawazisha huna.

Magoti yabane tangi. Sehemu pana ya mbele ya nyayo ikae juu ya kikanyagio, vidole visining'inie chini. Sasa jaribu kupepesa viwiko kama kuku anayekung'uta vumbi. Vikigoma, bado unajishikilia kwa mikono. Legeza kabla kona haijafika, kwa sababu ukiwa ndani yake utakuwa umechelewa.

Macho yapelekwe mwisho wa kona, kichwa chote kigeuke, kidevu kielekee unakotaka kutokea. Ukilikodolea shimo, utaliingia. Liangalie mara moja ulijue lilipo, kisha uliache.

Mikono inabaki na kazi yake moja. Zaidi ya kilomita 20 kwa saa hivi, ukitaka kwenda kushoto unasukuma upande wa kushoto wa usukani kwenda mbele. Gurudumu linatoka kidogo kulia, pikipiki inaangukia kushoto, kona inaanza. Ukitaka kulia, sukuma kulia. Kila anayeendesha hufanya hivyo bila kujua, lakini mwenye hofu huanza kuuzungusha usukani kama wa gari, akauvuta kushoto ili aende kushoto, na pikipiki ikaenda kulia. Watu wengi wanaosema “pikipiki ilinigomea” walikuwa wanaivuta hivyo. Msukumo wenyewe ni mdogo, kama wa kufungua mlango usio na komeo. Pikipiki ikishalala, legeza tena na uweke mafuta kidogo yasiyobadilika, yakiongezeka polepole kadiri njia inavyofunguka.

Mazoezi ya uwanjani

Tafuta eneo tambarare la lami au zege, kama maegesho ya magari yasiyotumika Jumapili asubuhi, na umwombe mlinzi ruhusa. Fagia mchanga. Vaa kofia ngumu, glavu, suruali nzito na viatu vinavyofunika kifundo cha mguu; malapa hapana. Alama zako ni chupa nne za maji za lita 1.5 zilizojazwa mchanga, na kamba ya mita 10.

La kwanza ni la mikono peke yake. Nenda moja kwa moja kwa kilomita 30, fungua vidole vya mkono wa kushoto, sukuma kwa kiganja kitupu, kidogo sana. Pikipiki italala kushoto. Achia, itajirudi. Kwa mkono wa kulia usiachie mafuta, ila legeza vidole usukume vilevile. Rudia mara kumi kila upande, mpaka usishangae tena.

La pili ni duara. Mtu ashike ncha ya kamba katikati, wewe zunguka na ncha nyingine ukiweka chupa nne kwa umbali sawa, kisha kamba itolewe. Ingia kwa gia ya pili, kilomita 15, ambazo ni mlalo wa nyuzi 10 tu. Macho yaangalie chupa ya mbele ya ile unayoikaribia. Mizunguko mitano, simama, pumua, mitano upande mwingine. Karibu kila mtu ana upande mbaya, na mara nyingi ndio aliouangukia. Huo upe mizunguko maradufu. Ukiona viwiko vinabaki laini mizunguko yote, panda hadi 20, kama nyuzi 17. Kwa 25 ni nyuzi 26, na hapo panatosha. Usiongeze zaidi ya kilomita tano kwa siku moja, na usivuke dakika 20 bila kupumzika: mikono iliyochoka hukaza yenyewe, nawe utaondoka na kumbukumbu mbaya badala ya nzuri.

La tatu huunganisha breki na kona. Weka chupa mbili kwa umbali wa mita 15. Njoo kwa kilomita 40, anza breki kwenye ya kwanza, uwe umefika 20 na klachi imeachiwa kabla ya ya pili, ndipo ugeuke. Kosa la kawaida ni kubeba breki mpaka ndani ya kona. Likijirudia, sogeza chupa ya kwanza mita tano nyuma. Hakuna aibu ndani yake.

Barabarani

Toure Drive kule Masaki na Oysterbay, alfajiri ya Jumapili, ni mahali pazuri pa kuanzia: inapinda taratibu ikifuata bahari na magari bado ni machache. Lakini ni pwani, na mchanga upo. Usiendeshe kwenye ukingo wa kushoto. Acha mita moja. Kona inayokwenda kushoto, ingia ukiwa karibu na mstari wa kati ili uone mbali, mradi hakuna gari linalokuja. Kona inayokwenda kulia, ingia ukiwa kushoto na ukae huko muda mrefu kuliko unavyotamani, kisha ulale ukiona mwisho. Kwenye kona hiyo ya kulia tairi linaweza kuwa ndani ya mstari huku kichwa chako kiko upande wa daladala. Pima nafasi kwa kichwa.

Kipilefti ndipo wengi hukwama, kwa sababu kina milalo mitatu: kushoto ukiingia, kulia ukizunguka, kushoto ukitoka. Mpe nafasi anayetoka kulia, kisha fanya kila mlalo kwa msukumo wake, taratibu, bila kurusha mwili. Angalia michirizi ya dizeli. Tangi lililojaa hadi mdomoni humwagika gari linapozunguka, kwa hiyo nje ya duara ndiko huteleza.

Barabara ya Pugu kwenda Kisarawe, yenye milima na kona, iachie wiki ya tatu au ya nne, nayo mchana pakavu. Kushuka ni kugumu kuliko kupanda, kwa hiyo chagua gia ya chini kabla mteremko haujaanza.

Mvua za masika na vuli zinataka hesabu nyingine. Kilomita 28 zinahitaji nusu ya mshiko wa kilomita 40 kwenye kona ileile; ichukue hiyo kama kipimo. Dakika za kwanza za mvua, vumbi na oili huelea juu ya lami na ndizo mbaya zaidi. Mishale iliyopakwa rangi, mifuniko ya chuma na viungo vya chuma vya madaraja vipite pikipiki ikiwa wima. Bonde la Jangwani likishajaa maji, hata barabara ikifunguliwa tope laini hubaki. Hapo nyoosha tu.

Ukijikuta umeingia kwa kasi kupita ulivyotaka, angalia mwisho wa kona na usukume zaidi. Pakavu, pikipiki yenye tairi zima inaweza kulala kuliko unavyothubutu. Ukikutana na mchanga katikati ya kona, usiguse kitu: si breki, si mafuta, si klachi. Itatikisika na kupita. Mtoto au bajaji akijitokeza mbele, nyoosha pikipiki kwanza, kisha breki. Na tairi la nyuma likifunga na kuanza kuserereka huku umelala, usiachie breki ghafla, maana likishika lami upya linaweza kukurusha juu. Lete pikipiki wima ukiwa bado umekanyaga, ndipo uachie.

Abiria asubiri mpaka kipilefti kimekuwa cha kawaida kwako. Siku hiyo kaza shokapu za nyuma hatua mbili, ongeza upepo, anza breki mapema kwa umbali mkubwa zaidi, na mwambie abiria kabla hamjaondoka: akae karibu nawe, ashike chuma cha nyuma au kiuno chako, na kwenye kona aangalie juu ya bega lako la upande mnaokwenda. Akiangalia huko, mwili wake utalala pamoja na wako. Mmoja tu. Ukipakia mishkaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, uzito unahamia nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na ule msukumo mdogo uliojifunza kwa wiki nne hautakuitikia.