Tiyo ya galva: wapi uiweke, wapi uiache

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, hatuchimbi, tunavunja. Ukitaka kufukia tiyo, yaani bomba la maji, sentimita 30 tu kwenye mitaa ya Katoyi au Majengo, tafuta nyundo, patasi na vijana wawili wenye mgongo, maana chini ni makoro matupu, mawe ya volkano. Ndiyo sababu tiyo nyingi za mji huu zinalala juu ya mawe, juani, watoto wanazikanyaga na chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zinazipanda. Na ndiyo sababu mwenye parsele, yaani kiwanja, akiniita huanza na neno lilelile: "Fundi, tuweke galva, tumalize." Nimekula jasho la kazi hii ya bomba miaka 19, na kabla sijajibu huwa nauliza kwanza: maji yenyewe yanatoka wapi?

Galva ni chuma cha kawaida chenye kaboni kidogo, kilichochovywa ndani ya zinki iliyoyeyuka, kwenye joto la karibu digrii 450. Zinki hiyo haikai juu kama rangi, inashikana na chuma mpaka wanakuwa kitu kimoja. Ukiikwaruza, zinki ya pembeni inakubali kuliwa kwanza, chuma kinapona. Rangi haina moyo huo. Ikichubuka, kutu inaanza palepale na kutambaa chini yake bila wewe kuiona.

Kwa mahali pa kupigwapigwa sijaona mshindani. Plastiki ikilala juani miaka michache inakauka, inakuwa kama biskuti, na ncha kali ya koro inaimaliza. Pale Mabanga niliweka galva ya inchi moja pembeni ya njia. Lori la mchanga lilirudi nyuma likaipanda. Tiyo ilipinda kama upinde, lakini haikutoa hata tone. Haiogopi moto wa takataka, na panya haitafuni. Lava ni habari nyingine: ile ya volkano yetu Nyiragongo ya tarehe 22 Mei 2021 haikuuliza kama tiyo ni ya chuma au ya plastiki.

Uzito wake ni mateso. Tiyo moja ina mita 6, na ya inchi moja inafika karibu kilo 15; ya inchi mbili ni kama kilo 30. Ukinunua kumi pale Birere, hesabu na pesa ya chukudu. Bei pia iko juu kuliko plastiki, na kila kiungo kinataka kukatwa meno ya kuzungushia kama ya skrubu, kwa hiyo siku za fundi nazo zinaongezeka.

Sasa turudi kwenye maji. Maji ya bomba ya mji yanapampiwa kutoka Ziwa Kivu. Maji ya ziwa letu hayana ukali wa asidi, yako upande wa pili, kipimo chake cha pH kiko karibu na 9, na yana madini mengi. Zinki inaishi vizuri na maji ya namna hiyo. Maji ya mvua ndiyo adui. Moshi wa Nyiragongo una gesi za salfa, mvua inazibeba, na anayekaa upande wa Rusayo anajua bati jipya linavyozeeka haraka. Maji yale yale yanayokula bati yataiachaje tiyo?

Hilo nililijifunza kwa aibu. Pale Ndosho nilimwekea mama mmoja galva kutoka tangi la mvua mpaka jikoni. Kazi safi, hata mimi niliipenda. Mwaka wa sita akaniita: "Baba, maji ya asubuhi yana rangi ya chai, na robine (koki) inalia tu." Nikakata kipande karibu na kudi, kile kiungo cha kona. Ndani kulikuwa na vinundu vya kutu vya kahawia, vimepandana kama ugali uliogandia sufuriani. Tundu lililokuwa linaingiza kidole changu kidogo sasa lilikubali kalamu tu. Nje tiyo iling'aa kama siku ya kwanza. Nilibadilisha yote kwa plastiki, nikaipitisha chini ya ukuta jua lisiione, na ufundi sikumdai.

Kuna sehemu mbili nyingine ambapo nakataa hata mteja akilazimisha. Ya kwanza ni maji ya moto. Yakipita digrii 60 hivi, zinki inaweza kugeuka: badala ya kukilinda chuma, inakiacha kiliwe, na tiyo inatoboka vitundu. Kwa hiyo baada ya mashine ya kuchemshia maji, weka kitu kingine. Ya pili ni shaba. Usiiweke shaba kabla ya galva kwa njia ya maji. Chembe za shaba zinasafiri, zinatua ndani ya galva na kuitoboa. Galva kwanza, shaba baadaye, hapo hakuna ugomvi mkubwa.

Dukani, usidanganywe na kung'aa. Inayong'aa sana, laini kama kioo, mara nyingi imepakwa zinki nyembamba kwa umeme. Iliyochovywa ina rangi ya kijivu, wakati mwingine na maua maua. Inua tiyo, ielekeze kwenye mwanga, chungulia ndani. Kama ndani ni nyeusi, hiyo ni ya vitanda na mageti, si ya maji. Sumaku haitakusaidia kitu, inashika zote. Vipimo tunavitaja kwa namba mbili, ndani na nje kwa milimita: 15/21 ni nusu inchi, 20/27 ni robo tatu, 26/34 ni inchi moja. Kutoka kwenye kompta, yaani mita ya maji, mpaka nyumba mimi sishuki chini ya 20/27.

Kukata, tumia msumeno wa chuma, polepole na kwa mstari ulionyooka. Halafu kwangua ule ukingo uliobaki ndani. Ukiuacha, ndipo kutu itakapojenga kwanza. Kata meno kwa filieri, chombo cha kukatia meno, huku ukimwaga mafuta, zungusha mbele, rudi nyuma kidogo, chembe zidondoke. Kumbuka kwamba meno hayo umeyavua zinki kwa mkono wako. Hapo ndipo galva nyingi zinakufia, kwenye kiungo, si katikati. Filasi, zile nyuzi za kuziba kiungo, ifunge kufuata mzunguko wa kukaza, isipite mwanzo wa meno ikaingia ndani ya maji, kisha paka pesti ya kuzibia. Ukishakaza kwa spana mbili, moja inashika na nyingine inazungusha, meno yaliyobaki nje yapake rangi yenye zinki. Na kila baada ya tiyo tatu au nne weka yunioni, kiungo kinachofunguka bila kuzungusha tiyo, la sivyo siku ya kutengeneza utafungua mstari mzima kuanzia mwisho.

Usichomelee. Kijana wangu mmoja alichomelea galva ndani ya chumba kilichofungwa, akavuta ule moshi mweupe. Usiku akaanza kutetemeka, homa, mdomo una ladha ya chuma. Nyumbani wakamnunulia dawa ya malaria. Ilikuwa zinki. Kesho yake jioni alikuwa mzima, lakini tangu hapo mashine ya kuchomelea haiingii kwenye kazi zangu za maji.

Kabla ya kufunika kitu chochote, jaza maji, funga robine zote, acha usiku mzima. Asubuhi pitisha karatasi kavu ya chooni chini ya kila kiungo. Mkono unadanganya, kwa sababu chuma cha asubuhi Goma ni baridi na unakiona kama kimelowa. Karatasi ikilowa, fungua kiungo chote, toa filasi ya zamani, anza upya. Usikimbilie kukaza zaidi: kudi itapasuka, na mwenye chukudu aliyekubebea mzigo jana ameshaondoka.