Folda ya mishahara isifunguliwe na kila mtu
Kwenye diski ya pamoja ya ofisi, tafadhali usigawe ruhusa kwa jina la mtu mmoja mmoja. Unda kundi, mfano "Uhasibu", lipe ruhusa ya folda, kisha ingiza watu humo. Mtu akihama idara, unamtoa kundini tu. Kwenye Windows ruhusa ni za aina mbili: ya kushiriki kupitia mtandao na ya folda yenyewe, na anayeingia kwa mtandao hubanwa na iliyo kali zaidi. Ndiyo maana unaweza kumpa mtu haki ya kuandika kwenye folda na bado akashindwa kuhifadhi. Ukimaliza, jaribu kufungua faili la mishahara kwa akaunti ya mfanyakazi wa kawaida, si ya msimamizi. Uliyemwongeza kundini atoke kwenye akaunti yake, aingie upya, ili ruhusa ya kundi imfikie.